“Huyu ni wa Raundi ya Kwanza”: maneno yangu kwa vijana wa kambi, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Wazazi mliokuja, karibuni sana, na mwenye mtoto mchanga asione haya akilia, hapa kelele tumezizoea. Makocha wenzangu, asalaam aleikum, na wa upande wa pili, Bwana Yesu asifiwe. Vijana, kaeni hapohapo kwenye magodoro. Migongo inyooke.

Nimepangiwa kuzungumzia nidhamu. Karatasi iliyobandikwa mlangoni inasema hivyo: nidhamu ya mwanamichezo, dakika 20. Nitaifikia, ila napitia mlango wa uani.

Alhamisi iliyopita nilikuwa hapo nyuma nashona mfuko wa kupigia uliochanika. Nikamsikia mmoja wenu, simtaji kwa sababu mama yake kakaa mbele yangu hapa, kashika simu anaangalia video ya yule kijana wa Arusha watakayekutana wiki sita zijazo. Video yenyewe ina dakika 12. Kaangalia kama dakika moja. Kijana wa watu akapigwa teke la paja, akayumba kidogo. Basi, imetosha, simu ikarudi mfukoni. Akamwambia mwenzake: “Huyu ni wa raundi ya kwanza.” Wakacheka, wakaondoka kwenda kunywa juisi ya miwa.

Siku ile nilinyamaza, nikaendelea na sindano yangu.

Mdharau mwiba mguu huota tende, hiyo mmefundishwa tangu shule ya msingi, na sijaona mpiganaji hata mmoja aliyeokolewa nayo. Kwa sababu hakuna anayeamka asubuhi akasema leo namdharau mtu. Dharau haiji na jina lake. Inakuja imevaa kanzu ya kujiamini, na kujiamini ndiko tunakowahubiria hapa kila siku jioni. Sasa mtu atazijuaje? Mimi nimekaa miaka na swali hilo. Mke wangu anasema nimeoa televisheni, kwa kuwa mapambano ya Marekani yanaonyeshwa alfajiri na mimi siachi hata moja. Acheni niwasimulie machache niliyoyaona kwa macho haya.

Houston, Texas, tarehe 7 Aprili 2007. Georges St-Pierre wa Kanada ni bingwa mpya wa uzito wa welta wa UFC, yale mapambano makubwa ya Marekani ya kizimbani, ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja. Mkanda kamnyang'anya Matt Hughes miezi mitano tu nyuma, na wajuzi wote wanasema huyu atakaa nao mpaka auchoke mwenyewe. Anayeletwa mbele yake ni Matt Serra, mwalimu wa jujutsu kutoka Long Island, New York. Mfupi, kifua kama pipa, nafasi ya kugombea mkanda kaipata kwa kushinda mashindano ya televisheni ya wapiganaji waliokwisha kupita UFC bila kufika popote. Kwa lugha yenu, kibonde.

Dakika ya nne haikuisha. Konde la kulia la Serra lilizunguka likatua nyuma ya sikio la St-Pierre, na miguu ya bingwa ikawa si yake tena. Mnaijua ile hali, mtu anataka kwenda kushoto, miguu inakwenda kulia. Serra hakumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Dakika 3 na sekunde 25, mwamuzi kaingia katikati.

Kilichonivutia kwangu ni yaliyofuata. Kwanza St-Pierre alitoa sababu: alikuwa na majeraha, nyumbani kulikuwa na matatizo. Serra alikasirika, na mimi ningekasirika pia. Lakini baadaye yule Mkanada akakaa chini akakubali mbele za watu kwamba yeye hakumchukulia Serra kwa uzito unaostahili. Akaenda kwa mtaalamu wa saikolojia, akaambiwa atafute tofali, aandike juu yake jina la Serra, atembee nalo, na siku akichoka kulibeba akalitupe mtoni. Akafanya. Naomba kesho nisimkute mtu hapa na tofali, tuna msongamano wa kutosha.

Mwaka mmoja baadaye wakarudiana Montreal, nyumbani kwa St-Pierre, watu wamejaa wanadai damu. Hakutaka kuwaonyesha ubabe wa makonde. Alimbwaga Serra, akamkalia, akamchosha, raundi ya pili mwamuzi akasimamisha. Tangu usiku ule wa Houston hadi alipostaafu alipigana mara 13, akashinda zote 13. Huyo alilipia dharau mara moja, akaweka risiti.

Likumbukeni jina la Serra, tutakutana naye tena.

Tuje kwa Ronda Rousey, na hapa dada zetu mliokaa pale dirishani msikilize. Mwanamke huyu alipata medali ya shaba ya judo Olimpiki ya Beijing 2008. Alipoingia kwenye kizimba alikuwa anawashika wenzake mkono, anaukunja kiwiko, mchezo umekwisha. Mapambano yake matatu kabla ya Novemba 2015 yalichukua sekunde 16, sekunde 14 na sekunde 34. Jumlisheni. Ni dakika moja na sekunde nne. Hata chai haijachemka.

Halafu akapelekwa Melbourne, Australia, mbele ya watu zaidi ya 56,000, kupigana na Holly Holm. Holm alikuwa bondia, mapambano 33 ya ngumi kashinda, lakini ndani ya UFC alikuwa kacheza mara mbili tu na zote kashinda kwa pointi bila kumsisimua mtu. Watu wakaangalia hizo mbili wakafunga simu. Mnaniona ninakoelekea?

Sasa tazameni alivyopigana Rousey. Mcheza judo anamfuata bondia katikati ya kizimba kumrushia ngumi! Ni sawa na mvuvi wa Mwambani kwenda kumfundisha Mmasai kuchunga. Holm anarudi nyuma, anatoka pembeni, mkono wa kushoto unatua puani. Rousey anafuata tena, mstari uleule, kidevu juu. Kuna mahali anarusha ngumi anapishana na mwenzake kabisa, anakwenda kujigonga kwenye wavu kama mtu aliyekosa basi. Sekunde ya 59 ya raundi ya pili teke la kushoto likamkuta shingoni. Usiku ule peke yake alikaa kizimbani muda mrefu mara tano kuliko mapambano yake matatu yaliyopita yakiunganishwa, na kila sekunde ya ziada ilikuwa ya kwanza kwake kwa muda mrefu.

Hapa ndipo nilipoanza kupata jibu langu. Sina ushahidi wa alichokuwa nacho Rousey moyoni, na moyo wa mtu ni msitu. Lakini namna ya kumkabili mtu anayekimbia kwa pembeni huipati usiku wa pambano. Inatafutwa kambini, wiki kwa wiki, na ile kambi ilitoka na jibu moja tu: mfuate umpige. Dharau, kama ipo, ilikaa kwenye kile ambacho hakikufanyiwa mazoezi. Nimeacha kusikiliza midomo kwenye mikutano ya waandishi. Naangalia mtu kaja na majibu mangapi.

Francis Ngannou nataka nikae naye kidogo, kwa sababu huyu ni wa kwetu Afrika, na kwa sababu kakaa pande zote mbili za jambo hili.

Batié, Kamerun. Mtoto anachimba mchanga machimboni kwa koleo, anaupakia kwenye magari. Ngumi kaanza na miaka 22, umri ambao nyinyi mnaniambia mnafikiria kustaafu. Akavuka jangwa, akafika Moroko, akavuka maji kwenda Hispania, akaingia Paris 2013 hana pa kulala. Miaka miwili baadaye yuko UFC, na mapambano yake sita ya kwanza humo hakuna hata moja lililofika kwa majaji. Desemba 2017 alimpiga Alistair Overeem ngumi ya kushoto kutoka chini, kichwa cha yule mzee kikaangalia paa. Wiki saba baadaye, Januari 2018, wakampeleka Boston kugombea mkanda wa uzito wa juu kwa Stipe Miocic.

Miocic ni zimamoto kule Ohio. Zimamoto kweli, anapanda gari jekundu. Yeye ndiye bingwa, mkanda kautetea mara mbili tayari, lakini wacheza kamari wakampa nafasi ndogo kuliko mgeni wake. Najua humu ndani wapo wenye mikeka mifukoni, wala msinitazame hivyo. Mikeka mingi ilichanika usiku ule.

Ngannou alitoka kama umeme. Dakika tano za kwanza kila ngumi ilikuwa ya kumaliza kazi. Miocic anainama, anapisha, anamshika kiuno, anambwaga. Anasimama, anabwagwa tena. Ndani ya UFC Ngannou alikuwa hajawahi kuiona raundi ya tatu, na hili lilikuwa pambano la raundi tano. Kufika raundi hiyo ya tatu alikuwa mdomo wazi, mikono kiunoni, anatembea kama mtu anayevuka mto. Majaji wote watatu wakaandika 50 kwa 44. Yaani hakupata hata raundi moja.

Nguvu za kuchimba mchanga alikuwa nazo. Lakini mchimba mchanga yeyote atawaambia, wala hamhitaji kocha: anayeanza siku kwa kurusha koleo kwa ghadhabu hafiki adhuhuri. Ngannou alilijua hilo utotoni, akalisahau Boston.

Alijifunza. Machi 2021 walirudiana. Miocic akaingia kumshika mguu kama kawaida yake, safari hii Ngannou akakaa chini, akamzunguka, akatulia. Katulia! Raundi ya pili haijafika dakika, zimamoto yuko sakafuni.

Sasa igeuze shilingi. Oktoba 2023, Riyadh, Saudi Arabia. Ngannou anacheza ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza maishani, na aliyepewa ni Tyson Fury, bingwa wa dunia asiyewahi kupigwa. Fury alikuwa keshatia saini ya kukutana na Oleksandr Usyk, bingwa mwenzake wa uzito wa juu. Pambano linalofuata lina mkataba, hili la leo bado halijachezwa. Alikuja na tumbo lake. Raundi ya tatu, ngumi ya kushoto ya Ngannou ikampata kichwani, bingwa wa dunia kakaa sakafuni anatazama taa. Aliponea kwa pointi, tena majaji waligawanyika: wawili kwake, mmoja kwa Ngannou. Asubuhi ile hapa mtaani mngedhani Simba wamechukua kombe.

Na Anthony Joshua, bondia wa uzito wa juu wa Uingereza, alikuwa anaangalia. Machi 2024, Riyadh hiyohiyo, Joshua alimpokea Ngannou kama anavyopokelewa mtu aliyemwangusha Fury. Hakutabasamu. Raundi ya kwanza kamwangusha mara moja, ya pili mara mbili, na ile ya mwisho hata kuhesabiwa hakukuwa na haja. Kuna watu wakasema, si mnaona, Ngannou hajui ngumi. Hapana. Ngannou wa Machi ni yuleyule wa Oktoba. Aliyebadilika ni aliyesimama mbele yake.

Nirudi kwa Serra, niliahidi. Las Vegas, Julai 2013. Anderson Silva wa Brazil, bingwa wa uzito wa kati tangu 2006, kashinda mara 16 mfululizo ndani ya UFC, anacheza na Chris Weidman, mcheza mieleka wa New York. Mmeiona hiyo video, kila mtu kaiona: Silva kashusha mikono, anacheka, anapokea konde anajifanya kalewa, anatikisa magoti. Konde la kushoto likamkuta kichwa kimerudi nyuma hakina tena pa kwenda. Watu wote wakasema dharau.

Mimi nina ubishi kidogo. Mwaka 2009 Silva alifanya mchezo huohuo kwa Forrest Griffin, na Griffin akaishia kurushia hewa hadi akadondoka kwa ngumi ndogo ya kurudi nyuma. Ule mzaha ulikuwa zana. Unamkasirisha mtu, anarusha kwa hasira, anajifungua. Tatizo la zana inayokulipa miaka saba ni kwamba na wenzako wanaisoma. Weidman hakukasirika. Akaongeza konde juu ya konde, moja, mbili, tatu, bila kusubiri kuona kama limepata. Na kwenye kona yake amesimama mwalimu wake, nani? Yule mfupi wa Long Island. Mtu ambaye kumwangusha bingwa aliyejiamini ilikuwa ndiyo cheti chake.

Na kuna kuanguka ambako hakuna dharau ndani, tusiwaonee watu. Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria, Agosti 2022 alikuwa anamwongoza Leon Edwards kwa pointi, imebaki chini ya dakika moja ya raundi ya tano. Usman alikuwa keshampiga Edwards miaka saba nyuma, na usiku ule kafanya kazi yake vizuri. Mwili ukazoea. Edwards akaonyesha mkono wa kushoto, Usman akainama upande alioinamia usiku kucha, na mguu ukawa unamsubiri hapo. Hiyo siiti dharau. Naiita uchovu uliovaa mazoea, na dawa yake ni kona inayopiga kelele mpaka kengele ya mwisho. Nitaizungumza siku nyingine na makocha, tena kwa faragha.

Mimi mwenyewe je? Mnaniona hivi na kitambi, mwaka 1994 nilikuwa na miaka 23 na nilikuwa moto. Nilipangiwa pambano Muheza. Mpinzani wangu akaumwa, wakatafuta mbadala, wakamleta kijana anayefua nazi sokoni. Nilipofika nikamwona kavaa raba, moja kamba nyeupe, moja kamba ya katani. Nikacheka hadi nikamwegemea kocha wangu.

Pambano saa mbili usiku. Saa kumi na moja jioni nikaenda kwa mama ntilie, nikala chapati tatu na maharage ya nazi, nikashushia na soda. Hapo nawaambia ukweli mtupu mbele ya wazazi: kwa mtu niliyemheshimu nisingekula hata moja. Sikusema neno baya juu ya yule kijana. Nilimpa mkono, nikamwita ndugu yangu. Midomo yangu ilikuwa na adabu. Tumbo langu ndilo lililomdharau.

Mmewahi kuona mtu akifua nazi? Chuma kimesimikwa ardhini kimechongoka, nazi inashushwa kwa nguvu, inapindwa, inashushwa, inapindwa, mamia kwa siku. Yule kijana hakujua kurusha ngumi ya usoni hata kidogo. Alijua kitu kimoja, kushusha na kupinda, na alikifanya mbavuni kwangu raundi mbili mfululizo. Raundi ya tatu maharage yalirudi. Sitaeleza zaidi, kuna watoto. Watu wa Muheza walinipa jina siku hiyo na hadi leo nikishuka stendi kuna mzee mmoja ananiita nalo.

Kumbe hata upande wa pili tunaujua sisi watu wa Tanga. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, kijana wetu, alikwenda Birmingham, Uingereza, kucheza na Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, karibu kabisa na nyumbani kwake. Ukumbini kule nani alikuwa anajua Tanga iko wapi? Walimleta amsaidie mwenyeji kupasha misuli. Raundi ya pili haikuisha. Siku ile nilikuwa kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira barabara ya ishirini, na muuza kahawa alimwaga birika zima. Hakuna aliyemdai, wala yeye hakudai. Sasa fikirini upande wa kambi ya Eggington: walikuwa na video za Mwakinyo? Walikuwa nazo. Waliziangalia dakika ngapi?

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa, na mwenyekiti huyu hana utani.

Kijana wa Arusha anapigana kwa mguu wa kulia mbele. Nimeiangalia ile video yake yote, mara tatu, nikiwa na daftari. Lile teke la paja mliloliona kayumba nalo ni dakika ya kwanza. Dakika ya nne anapigwa lilelile, hayumbi tena, anaushika mguu na kumbwaga mwenzake. Dakika ya tisa amemtia mtu kabari, roba hasa, na yule jamaa kagonga mkono chini kuomba msamaha. Mambo hayo mawili hakuna aliyeyaona Alhamisi, juisi ilikuwa inawasubiri.

Kwa hiyo wazazi, wali uko tayari kule nyuma, kina mama wameshapakua, tangulieni. Vijana mbaki kidogo. Wewe mwenye fulana ya bluu, lete simu yako tuichomeke kwenye ile televisheni. Na mtu azime feni, inapiga kelele.